Jiwe la Wanza

Nyinyi vijana mnaonikuta kila alasiri hapa Balad, mji mkongwe wa Jeddah, kwenye kibaraza cha duka la chai, mna tabia moja. Mbingu ikikunja uso kidogo tu, mnanigeuzia simu zenu. "Mzee Makame, hapa pameandikwa mvua milima ya Taif. Twende tusiende?" Mnataka mkaone maji yakiteremka bondeni, mpige picha, mrudi kabla ya magharibi. Nami hukuulizeni swali lile lile mpaka mmelichoka: mtatandika wapi mkeka? Mnacheka, mnaagiza chai nyingine.

Kwa mdomo hamnisikilizi hata dakika mbili, kwa hiyo leo naandika.

Nilikuwa dereva wa nyumba moja Riyadh, mtaa wa Suwaidi, miaka ishirini na mitatu. Waarabu wa kule wana ada yao: mvua ikishanyesha wakati wa baridi, hawakai ndani. Hupakia mazulia, birika, makaa na watoto, wakaenda jangwani kuangalia maji. Na mahali pazuri pa kukaa, penye mchanga laini na vidimbwi vinavyong'aa, ni ndani ya wadi, yaani bonde kavu. Hapo hapo ndipo inapopita seli, maji ya ghafla yanayotoka juu huko kusikoonekana. Kazi yangu ilikuwa kumwambia baba mwenye nyumba: hapa sawa, hapa siyo. Jibu hilo nililitoa mara nyingi sana. Mara moja nilikosea kwa ujinga. Na mara moja nilisema uongo nikijua kuwa ni uongo. Huo uongo nimeubeba mpaka leo, nao nitautua humu humu.

Kwanza niseme nani alinifundisha, maana mnadhani nilizaliwa nayo. Mimi ni mtu wa Unguja, Mkwajuni. Kwetu mvua ikinyesha unalowa, ikikatika unakauka, mambo yamekwisha. Sikujua kama maji yanaweza kusafiri saa nzima kwenye jua kali kuja kukuua. Aliyejua ni mpishi wa nyumba ile, Wanza, Mkamba wa Mwingi, huko Kitui, Kenya. Mjane, Mkristo, mwenye mwanya na sauti ya kuita mbuzi. Nilipomwita Bi Wanza kwa adabu zetu za kwetu, alinikata siku ya kwanza: "Mimi si Bibi yako, Makame. Niite Wanza. Na chai yako umeacha ikapoa."

Kwao mito ni ya mchanga. Mwaka mzima watu wanapita juu yake na punda, wanachimba humo maji ya kunywa. Halafu siku moja, jua linawaka, mtu anasikia mngurumo. Aliniambia mto uliwahi kuwachukua punda wao wawili, mitungi imeshajaa migongoni, yeye na mama yake wakiwa wamesimama ukingoni na kamba mkononi. "Kamba ilibaki," alisema. "Punda walienda na sura zao za kushangaa." Mimi nilicheka. Yeye hakucheka, akaendelea kumenya vitunguu.

Basi kosa langu la kwanza lilitokea msimu wa pili wa baridi tangu yeye afike. Mvua ilikuwa imenyesha siku mbili, ikifuatana na upepo mkali kutoka kusini, na siku ya tatu kukapambazuka kweupe. Baba akasema, yalla, twendeni. Tulikwenda magharibi ya mji, chini ya yale majabali marefu, magari mawili. Baba na madam wake, mama mzaa madam, na watoto wanne, mdogo wao akiwa msichana wa miaka miwili aliyekuwa akilala tu mgongoni kwa Wanza.

Tulipofika, baba akanituma nikaulize. Nikamwona mchungaji mmoja, Msudani, amekaa na kondoo wake juu ya mteremko. Nikapanda mpaka kwake, pumzi imenikatika, nikamwonyesha kule juu ya majabali kulikokuwa na wingu jeusi asubuhi. "Mvua?" Akatazama kule, akapangusa mikono yake kama mtu aliyemaliza kula. "Halas," akasema. "Halas, halas."

Nyote mnalijua neno hilo. Ndilo neno la kwanza kila mgeni analojifunza hapa. Kazi imekwisha: halas. Chakula kimekwisha: halas. Bosi hataki kukusikia tena: halas. Nikateremka na neno langu kama mtu aliyebeba barua ya serikali. "Baba, nimeuliza. Halas." Mazulia yakatandikwa kwenye mchanga, katikati kabisa ya wadi, kando ya kijito chembamba kisichofika kifundo cha mguu.

Wanza hakukaa nasi. Alikuja mara moja tu mpaka ukingo wa kile kijito, akaokota jiwe jeupe la ukubwa wa andazi, akaliweka pale maji yalipoishia, kavu. Kisha akapanda tena juu kwenye changarawe, penye magari, mtoto mgongoni.

Madam akamwita. "Wanza, yalla! Mlete mtoto!"

"Madam, mafi," akajibu kwa Kiarabu chake cha jikoni. "Moya iji." Hapana, maji yanakuja.

Wakacheka wote. Jua lilikuwa linachoma, mbingu nyeupe kama shuka. Mimi pia nilicheka, na nilicheka kwa sauti kidogo, ili baba asikie niko upande gani. Madam akamwita mara ya pili, mara ya tatu hakucheka. Akamwambia kuwa asiposhuka, kesho atarudishwa maktab. Nyinyi wa siku hizi huenda hamjui uzito wa neno hilo kwa mwanamke wa kazi za ndani. Maktab ni ofisi iliyokuleta. Kurudishwa huko ni kuanza upya usichokijua, nyumba usiyoijua, au kupandishwa ndege mikono mitupu.

Wanza akasema, "Sawa, madam. Maktab. Lakini mtoto hashuki." Sehemu ya mwisho aliisema kwa Kiswahili, kwa sababu Kiarabu kilikuwa kimemwishia. Madam alielewa vilevile.

Kisha akanigeukia mimi. "Makame. Angalia jiwe."

Nilikwenda ili tu yaishe, nimnyamazishe. Lile jiwe lilikuwa limelowa. Si nusu, lote. Nikayatazama maji. Tulipowasili yalikuwa safi, unaona kokoto. Sasa yalikuwa na rangi ya chai ya maziwa, na juu yake vinapita vijiti, povu, na mavi ya kondoo, mengi, yanacheza yakielekea kwangu. Niliinua kichwa. Upepo uliokuwa ukivuma kutoka bondeni juu ulikuwa wa baridi, una harufu ya udongo mbichi, nao ulikuwa hivyo tangu tulipofika. Pua yangu ilikuwa na kazi gani?

Nikasikia lori. Wallahi, nilidhani ni lori linakuja, hata nikasogea pembeni kulipisha. Wanza akapiga kelele kutoka juu: "Hiyo si lori, wewe! Ni mto! Tokeni! Tokeni!"

Nilimbeba mama mzaa madam begani kama gunia la mchele, naye alikuwa akinipiga kwa fimbo yake mgongoni njia nzima akidhani nimepata wazimu. Baba aliwashika wawili, madam mmoja. Tulipofika kwenye changarawe tukageuka, na pale mazulia yalipokuwa hapakuwa na mahali tena. Yalikuwa maji mekundu, yana miti ndani yake. Birika la dhahabu la madam liliinuka mara moja, likatuonyesha mdomo, likazama. Baba alikuwa na kiatu kimoja. Yule bibi alikuwa akimshukuru Mungu kwa sauti ndogo, fimbo yake bado mkononi.

Madam alimchukua mtoto kutoka mgongoni kwa Wanza, akamkumbatia, akalia. Pole hakusema, wala samahani. Lakini kuanzia siku hiyo, tulipofika popote, kabla zulia halijafunguliwa, aliteremsha kioo cha gari na kuuliza, "Wanza, hapa?" Na Wanza alikuwa akishuka, anazunguka polepole, mikono nyuma, sisi sote tunamngoja garini. Maktab haikutajwa tena.

Yule mchungaji nilimtafuta baadaye, nimgombeze. Akanishangaa. Nilikuwa nimeuliza habari ya mvua, akanijibu habari ya mvua: imemaliza kunyesha kule juu, halas, sasa maji yako njiani. Kwa mtu wa bonde, halas ya mvua ndiyo mwanzo wa safari ya seli. Mimi nilisikia mwisho, yeye alikuwa ananitajia mwanzo. Hilo mkilishika, mengine yote ni nyongeza.

Nyongeza zenyewe ni hizi, nazo ni zake, mimi nazipitisha tu. Usiangalie mbingu iliyo juu yako. Angalia ile iliyo juu ya chanzo cha bonde. Mvua ya kwanza ardhi huinywa. Iogope ya pili na ya tatu, kwa kuwa ardhi imeshiba na kila tone linateremka. Tazama migunga: ukiona nyasi kavu na vitambaa vimenasa kwenye matawi, hapo ndipo seli iliyopita ilipofika, na kama vimenasa juu ya kichwa chako, ondoka. Tafuta mashimo ya wale mijusi wakubwa wa jangwani. Mjusi hachimbi nyumba mahali inapozama, ana akili kuliko dereva wa Unguja. Pua ya gari ielekee njia ya kutokea. Na kabla hujafurahi kwamba umekaa juu, jiulize njia ya kurudia nyumbani inakatiza bonde gani, maana wengi wamelala salama wakafa wakirudi. Maji yakifika magotini usivuke, hata kama gari lako refu na nyuma yako watu wanapiga honi. Waache wapige.

Tulikosea pia kwa upande wa pili. Kuna siku tuliihamisha familia mara tatu, zulia juu, zulia chini, nyama inaungua, na seli haikuja hata kikombe. Baba akatuita Idara ya Hewa. Mwezi mzima alikuwa akipita jikoni anauliza, "Idara ya Hewa, leo nichukue mwavuli?" Niliona haya sana. Wanza hakuona haya hata chembe. "Mimi nimekosea na watu wote wako kwa meza wanakula," aliniambia. "Kosa kama hilo nipatie kila siku."

Baridi tisa tulifanya kazi hiyo pamoja. Yeye alikuwa anaweka jiwe, kisha anaingia kwenye mapishi yake, na mimi ndiye mwangalizi. Kila akimaliza kupuliza makaa au kugeuza chapati zake nene, anauliza bila kuinua kichwa: "Makame, jiwe?" Nami najibu: "Kavu." Au siku nyingine: "Limelowa," na hapo kila mtu anasimama. Hatukuwa na maneno mengine ya kazi. Ilifika mahali hata mjini tunayatumia. Madam akiwa na hasira, napita mlangoni na mifuko ya soko nauliza, "Jiwe?" naye jikoni anasema, "Limelowa, pitia nyuma." Siku Wanza alipopata habari kwamba binti yake, aliyemwacha shule ya bweni kwao, amefaulu mtihani alilia machozi, nikamuuliza kuna nini, akasema, "Jiwe limelowa, lakini ni vizuri."

Nilimpenda. Naandika wazi kwa kuwa mzee hana tena wa kumwonea haya. Nilikuwa nimeachana na mke wangu wa Mkwajuni miaka mingi, na sikuwa na mtu. Nilikuwa napenda namna alivyosimama juu ya changarawe, mikono nyuma, akinusa upepo kama anayeonja mchuzi. Nilikuwa naomba mvua, mjue, mimi dereva niliyepaswa kuiogopa, kwa sababu mvua ilimaanisha siku nzima nje ya kuta za nyumba ile, mimi na yeye na jiwe letu. Lakini sikusema. Niliogopa watu wa nyumba, niliogopa msikiti wangu na kanisa lake, niliogopa kafili, yaani mdhamini wangu, na ikama, kibali changu cha kukaa. Zaidi ya yote niliogopa jibu lake. Mtu aliyejifunza kungoja ukingoni mpaka maji yapungue huwa hodari mno wa kungoja.

Mama yake Wanza akapofuka. Hakuwa na mtu wa kumpikia, na Wanza akaomba aondoke moja kwa moja. Madam alilia tena, akampa sanduku zima la nguo. Yule msichana wa mgongoni, sasa mkubwa anayenifika begani, alijifungia bafuni asimuone akitoka.

Mimi ndiye niliyempeleka uwanja wa ndege. Njia nzima tulizungumza habari za sanduku, kama litazidi uzito. Nilimshushia mizigo kwenye kigari, nikakifunga vizuri, nikakifungua, nikakifunga tena. Alikuwa amevaa sweta ya kijani. Alisimama akanitazama, hakuinamisha kichwa kama alivyozoea kwenye makaa. Alinitazama usoni.

"Makame," akasema. "Jiwe?"

Nilielewa. Msije mkadhani sikuelewa. Katika miaka tisa hakuna swali lake nililolielewa vizuri kuliko hilo. Maji yalikuwa yamenifika shingoni.

"Kavu," nikamwambia. "Halas."

Akatikisa kichwa taratibu, mara mbili. "Haya basi," akasema, akasukuma kigari chake.

Nilirudi garini nikakaa hapo hapo kwenye maegesho, nimeshika usukani, gari limezimwa, mpaka askari akaja kunigongea kioo. Niliporudi Suwaidi niliegesha, nikapita jikoni, na mpishi mpya, msichana mzuri tu wa watu, akaniuliza kama nimekula. Miezi ikapita, nikadhani kweli halas. Kisha ikanyesha mvua ya kwanza ya msimu. Tukaenda jangwani. Nikachagua mahali, nikaweka jiwe, nikasimama kuliangalia. Jua, mijusi, watoto wanakimbia. Hakuna aliyeniuliza. Hapo ndipo seli yangu ilipofika, vijana, miezi saba baada ya mvua kukatika, na sikuwa na changarawe ya kupandia.

Nimestaafu sasa. Mpwa wangu alinishughulikia karatasi zangu, nikahamia huku Jeddah kwa dada yangu, aliyeolewa na watu wa Unguja walioingia mji huu zamani. Nina chai yangu, nina bahari, nina nyinyi. Tahadhari za kwenye simu zenu ni nzuri na mzitii, mimi sizidharau. Laiti tungekuwa nazo. Lakini simu haikuoni umekaa wapi, wala haijui umeficha nini.

Mwezi uliopita yule binti Mutheu, anayefanya kazi kwa jirani wa dada, alisema kwao ni Mwingi. Nikamuuliza kwa mzaha kama anamjua Wanza wa chapati nene. Akamuuliza mama yake, mama yake akauliza kanisani, na wiki tatu baadaye akaniletea namba kwenye kikaratasi. Nilikaa nayo mfukoni siku nne. Mnakumbuka mliniuliza kwa nini siongei. Ndizo siku hizo.

Siku ya tano ikanyesha Taif. Nyinyi mlikuwa mnabishana mwende msiende. Mimi nikageukia ukutani, nikabonyeza simu nimtumie ujumbe wa sauti, nikasema ndani yake maneno machache tu, maana mengine yalikataa kutoka: "Wanza, huyu ni Makame. Ulipouliza pale uwanjani, jiwe lilikuwa limelowa."

Mlikuwa mmekwisha kuondoka jibu lilipokuja. Nikaliweka sikioni. Kwanza kuku, kisha mtu akiambiwa anyamaze, kisha yeye, sauti imezeeka ila ni ile ile.

"Nilijua, Makame. Kwani nani alikufundisha kusoma maji? Niliona rangi imebadilika tukiwa bado kwa gari. Nilikuwa nangoja tu wewe useme."